Nakala Hazilali Nyumba Moja

Mpwa wangu Hajira Mdoe hajawahi kufunga mlango mara moja. Anafunga, anaondoka, anarudi kuusukuma, anaondoka tena, kisha anageuza shingo kuutazama kwa mbali kana kwamba mlango utamkonyeza. Tangu mdogo yuko hivyo. Alipokuwa anasoma msingi pale Kideleko, alikuwa akifika shuleni anaanza kujiuliza kama amefunga banda la kuku, basi anageuza njiani na viboko vyake anavijua. Mama yake, dada yangu Shadya, alitaka kumpeleka kwa mganga. Nikamwambia, "Dada, mwache. Mtu wa namna hii kuna mahali anatafutwa. Ataajiriwa kulinda kitu." Nilisema kwa mdomo wangu huu, na waliokuwepo watashuhudia, wale wasio na wivu.

Mimi ni Semboja, fundi redio, kibanda changu kiko Chanika, hapa Handeni mjini. Shule niliishia darasa la tano, ila la tano nililisoma mara mbili, kwa hiyo hao wanaojidai wamefika la saba tumeachana kidogo sana. Naandika habari za huyu binti kwa sababu huko Korogwe watu wanazisimulia vibaya, na wengine wananiacha mimi nje kabisa.

Hajira alisomea kompyuta Tanga. Akakaa nyumbani muda akipalilia mihogo ya mama yake na kutengeneza simu za majirani, mpaka aliposikia kuna kampuni Korogwe inatafuta mtu. Ni kampuni ya kuchimba visima virefu, ya Mzee Sadru na mwanawe Zahid, Wahindi wa pale pale, babu yao alizikwa Korogwe. Hajira akapeleka vyeti. Zahid akavipokea, akavisogeza puani.

"Samahani, dada. Nyumba yenu iliungua?"

"Hapana, bosi. Mama huweka vyeti darini jikoni, juu ya mafiga. Mchwa hapandi penye moshi."

Zahid akacheka mpaka akatoka machozi. Lakini akamwajiri. Watu wengine walileta vyeti vyenye manukato na hawakupata. Kumbukeni huo moshi, tutaurudia.

Sasa niwaeleze hiyo kampuni, maana msipoielewa hamtaelewa kwa nini binti alikonda. Mzee Sadru alianza na mtambo mmoja mkuukuu, akachimba Handeni yote na Korogwe ya tambarare. Na nyie mnaijua Handeni. Kwetu mwanamume akija kuposa, wazee huuliza kwanza kisima kiko umbali gani, halafu ndiyo wanauliza jina lake. Kila alipochimba, Mzee Sadru aliandika ukurasa: udongo mwekundu mpaka hapa, jiwe kuanzia hapa, maji matamu, maji chumvi, au vumbi tupu. Miaka na miaka ya kurasa. Zamani alikuwa hahitaji hata kuzisoma. Ukimtajia kijiji, anafumba macho anakwambia chumvi iko upande gani. Siku hizi mzee anakaa kwenye kiti cha kamba mlangoni pa ofisi, na akili yake inatoka na kurudi kama umeme wa masika. Mzee humwita Hajira kwa jina la Mehnaz, marehemu dada yake.

Na zile kurasa? Mchwa walikwishazianza. Zahid akazipiga picha zote zikaingia kwenye kompyuta, kisha akachoma makaratasi. Alijiona amefanya usafi. Kwa hiyo siku Hajira anaingia kazini, kumbukumbu yote ya maji ya wilaya mbili ilikuwa ndani ya kompyuta moja chini ya meza ya Zahid, pale anapoegemeza miguu.

"Nakala iko wapi, bosi?" Hajira akauliza.

"Si hiyo hapo juu yake."

Juu ya kompyuta ile ile kulikuwa na diski, waya umechomekwa, kijitaa kinawaka. Kila jioni kompyuta inajinakili humo yenyewe. Zahid alijivunia.

Hajira alinipigia simu akiwa nje ya ofisi, nasikia anatembea huku na huku. Nikamwambia, "Huyo bosi wako ni kama mtu mwenye funguo mbili za nyumba, zote katundika kwenye msumari mmoja." Hiyo kauli ni yangu. Baadaye Hajira aliitumia ofisini, wakampigia makofi, na jina langu hakulitaja.

Akaanza kupanga mipango. Alitaka nakala zaidi ya moja, alitaka moja ikae mbali na Korogwe kabisa, na zile kurasa za kale zisizobadilika zitengwe na za kazi za kila siku, ili mtu asizifute kwa kuteleza kidole. Zahid hakuwa mbaya, lakini alikuwa mtu wa kuona kitu kikivunjika ndipo aamini kinavunjika.

"Tuweke nyingine kwenye mtandao, bosi."

"Siri za visima vyangu zikakae Ulaya? Na bando nani ananunua, wewe?"

"Basi diski mbili, zikae nje ya mji."

"Diski chukua. Kaweke unapotaka."

"Na siku moja ya kujaribu. Tuzime hii kompyuta, tuchukue nakala, tuone kama inarudisha kila kitu kwenye mashine nyingine."

"Hajira. Yaani unataka nimuue mgonjwa ili nijue kama daktari yupo?"

Mzee Sadru alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema, "Mehnaz, zile karatasi zangu ziko salama?"

Hajira akaenda akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Ziko salama, mzee. Hakuna kitakachopotea."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomla. Mtu mwingine angeisema akaenda kula chipsi. Huyu akaanza kuamka alfajiri kuliko muadhini.

Alipokuja Handeni kutafuta mahali pa kuweka zile diski mbili, alipitia kibandani kwangu. Hakukaa. Nilimpa stuli akasimama pembeni yake kama mlinzi wa benki. Nikamwambia, "Mpwa wangu, mbona hili jambo dogo? Bibi yako, mama yetu, alikuwa na mbegu za mahindi, sehemu anaweka kwake, sehemu anapeleka kwa dada yake Kwamkono. Mwaka wa njaa nyumba moja ikila mbegu zake, nyingine inazo. Hiyo ndiyo bakapu. Wazigua tumeanza zamani."

"Mjomba, hilo liko kwenye vitabu vyetu."

"Vitabu vimetoa wapi? Wamemwibia bibi yako."

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu afike. Nikajitolea zikae kibandani kwangu. Akatazama spika zangu zilizopangana mpaka kwenye bati, akasema spika zina sumaku, na sumaku na diski havipatani. Basi akaenda nazo Kideleko kwa mama yake. Diski zote mbili zilikuwa na kitu kile kile ndani, mapacha kabisa, maana haamini moja peke yake. Akamwambia mama yake, "Mama, hizi ziweke mahali pasipo na mchwa, wala mwizi, wala watoto wa jirani. Ni maisha ya watu." Dada yangu akazipokea kwa mikono miwili. Hajira akamuaga, akatoka, akarudi mlangoni.

"Mama, umenielewa?"

"Nenda, mtoto! Mimi nimekuweka wewe tumboni sikukupoteza."

Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaja na ikaisha, Idi tukala, na Zahid hajatoa siku ya kujaribu wala ruhusa ya kwenda Handeni kubadilisha diski. Kila akipiga simu nyumbani Hajira anauliza, "Zipo?" na mama yake anajibu, "Zipo, salama, hata wewe huna usalama huo." Lakini binti hatulii. Siku ya Idi alikuja jioni, nyumba imejaa wageni mpaka uani, akaingia chumbani kwa mama yake kuzitafuta, hakuziona, akaitwa kupokea sahani, akashikwa na shangazi zake, na alfajiri gari likamchukua. Alivyoniambia, alirudi Korogwe na kitu kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa nimekwenda Korogwe kutafuta spea, nikapita ofisini kwao asubuhi kumsalimia, na kusema kweli kunywa chai ya maziwa ya Kihindi. Mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani upande wa Bungu, mawingu meusi kama masizi. Mtambo wao ulikuwa umekwenda tangu jana kwenye kijiji kimoja ndani ndani, nyuma ya Kabuku. Mafundi wanasubiri kuambiwa wachimbe wapi. Kijiji hicho Mzee Sadru aliwahi kuchimba zamani, kikatoka chumvi, na ukurasa wake ulikuwa humo kwenye kompyuta. Zahid akasema, "Namaliza chai nawatafutia."

Radi ikapiga. Sijui ilipiga nguzo au ilipiga nini, ila taa zilikuwa nyeupe, kisha zikawa hazipo. Chini ya meza kukasikika pa! Zahid akaruka na viatu vyake. Harufu hiyo mimi naijua, ni harufu ya mtu kuleta redio kwangu akisema "imezima tu yenyewe." Hajira alikuwa ameshapiga magoti, kachomoa nyaya zote. Akaigusa kompyuta. Akaigusa ile diski ya juu yake. Akanitazama mimi. Nikanusa, nikatikisa kichwa. Zote mbili. Funguo zote, msumari mmoja.

Simu ya Zahid ikalia. Fundi wa mtambo. "Bosi, huku mvua imekata, wanakijiji wamekusanyika, kamati ya maji yote iko hapa. Tuchimbe wapi?"

"Subirini kidogo."

Zahid akaenda mlangoni kwa baba yake. Akainama. "Baba, kile kisima cha nyuma ya Kabuku. Chumvi ilikuwa upande gani?"

Mzee Sadru akafumba macho kama zamani. Tukangoja. Mvua inapiga bati, sisi tumekodoa. Akafumbua.

"Umeshakula?" akamuuliza mwanawe.

Zahid alisimama pale, mkono juu ya bega la mzee. Kisha akamgeukia Hajira. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Ulimwambia baba yangu hakuna kitakachopotea."

"Nilimwambia."

"Kama zimepotea, sijui nitakuweka hapa kwa kazi gani. Hapa hatuna kingine cha kutunza."

"Naenda Handeni, bosi. Waambie wasichimbe. Hata wakikuomba, wasichimbe."

Hapo ndipo nilipohitajika. Nina pikipiki, na barabara ya Korogwe mpaka Handeni siku hizi ni lami. Nikamwambia panda. Nilikimbiza pikipiki ile mpaka kofia yangu ikageuka nyuma, malori yananipisha, ng'ombe wa Wamasai wananipisha. Na nyuma yangu kidole kinanigonga begani. "Mjomba, ongeza."

"Nimeongeza!"

"Ongeza tena."

"Nikiongeza tutafika kabla hatujaondoka!"

Begani tena, tap, tap. Alikuwa amekumbatia begi la laptopu kifuani, nikipita kwenye tuta analishika kwa mikono yote miwili na ananiachia mimi. Ningeanguka mimi, begi lingepona.

Kideleko tulimkuta dada yangu anapika mlenda, jiko limejaa moshi wa kuni mbichi. Hajira akamwamkia akiwa bado anashuka. "Shikamoo mama, diski ziko wapi?"

"Marahaba. Kwani huko Korogwe hampumziki? Kaa kwanza mle."

"Mama. Diski."

Dada yangu akafuta mikono kwenye kanga, akatabasamu tabasamu la mtu anayejiandaa kusifiwa, akanyoosha kidole juu.

Mimi niliangalia juu kabla ya Hajira, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. Juu ya mafiga kuna kichanja cha fito. Pale kulikuwa na mahindi ya mbegu yamefungwa kwa maganda yao, meusi, yanang'aa kwa masizi. Kibuyu cha mbegu za maboga. Na katikati yao, imefungwa kamba ya mkonge kama bunzi la hindi, diski.

"Hata dumuzi hajaisogelea," dada yangu akasema.

Hajira alipanda juu ya kinu, akaifungua kamba, akaiteremsha. Ilikuwa ya moto. Kifuniko cha plastiki kimejikunja kama sikio la mbwa, masizi na mafuta yameingia kwenye tundu la waya. Akalisafisha kwa ncha ya kanga ya mama yake, akachomeka kwenye laptopu. Taa haikuwaka. Akachomoa, akachomeka. Akaiweka sikioni. Mimi nikainusa, ilinuka nyama ya kukausha.

"Mama, hiki ni kitu cha umeme."

"Na mimi nimekiweka kwenye moto. Si ndugu hao?"

Nikashindwa, nikacheka. Mwiko ukanipata begani. "Cheka, Semboja! Vyeti vya huyu mtoto si vilikaa hapo hapo? Ameajiriwa kwa vyeti gani? Aliniambia pasiwe na mchwa, wala mwizi, wala watoto. Nitajie wewe, fundi, mahali pengine kwenye nyumba hii pasipo na mchwa, wala mwizi, wala watoto!"

Kweli, hapakuwepo. Hajira naye alikuwa anatazama kile kichanja alichokiona tangu azaliwe, ambacho kilimtilia moshi kwenye vyeti, na hakikumjia akilini hata siku moja. Mtu hanusi moshi wa kwao.

"Zilikuwa mbili," akasema. "Nyingine iko wapi, mama?"

Dada yangu akashusha sauti, sasa kidogo hana uhakika. "Ile sikuiweka humu. Ulisema ni maisha ya watu. Kitu cha kutunza hakilali chote nyumba moja, bibi yako alinifundisha. Nyumba ikiungua je? Nilimpelekea Grasiana, Kabuku."

Grasiana ni shoga yake. Walilima mashamba ya jirani ujanani, yule akaolewa Kabuku, na mpaka leo wanawekeana mbegu.

"Ulimpelekea kwa nani?"

"Kwa kondakta wa basi. Nilimpa na mchicha mkavu kidogo."

"Mama! Kondakta!"

"Kondakta ninayemjua! Mahindi yangu hubeba kila mwaka, hajaiba hata punje."

Hajira akapiga simu ya Grasiana. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Alikuwa anatembea kutoka jikoni mpaka kwenye kinu, kinu mpaka jikoni, kuku wanampisha. "Na yeye ameiweka wapi? Mjomba, na yeye Mzigua. Na yeye ana jiko."

Niliwasha pikipiki. Dada yangu akatukimbilia na mlenda kwenye bakuli, tukamwacha amesimama nalo.

Handeni mpaka Mkata, Mkata mpaka Kabuku kwenye barabara kuu. Njiani Zahid alipiga simu mara nyingi. Hajira alipokea mara moja tu, nikamsikia kwenye upepo, "Moja imeungua, bosi. Sikufichi. Naifuata nyingine." Kimya. "Hapana, wasichimbe." Kisha akanigonga begani.

Grasiana tulimkuta shambani nyuma ya nyumba, anafunga kuni. Mama mnene, mcheshi, mimi ananiitaga mume wake wa akiba. "Semboja! Umekuja kunioa na binti mkubwa hivi?"

"Shikamoo mama," Hajira akasema. "Kuna kitu mama alikuletea. Cheusi, kidogo, kizito. Hukukiweka jikoni?"

"Jikoni? Jikoni kwangu napikia mkaa, nani ana dari siku hizi. Mimi nilidhani ni redio ya Semboja iliyokufa." Akatuingiza ndani, akaburuta debe kutoka chini ya kitanda. Akafunua. Majivu.

Hajira akakaa chini sakafuni, puu.

"Ni kunde, mwanangu!" Grasiana akasema. "Kunde na majivu, wadudu wasiingie. Shadya aliniambia niitunze kama mbegu, nimeitunza kama mbegu." Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akakoroga, kunde zinaruka sakafuni. Akatoa mfuko wa nailoni umefungwa ndani ya mfuko mwingine, ndani ya mfuko mwingine, mafundo yamekazwa kama ya kufungia mbuzi. Hajira akayang'ata kwa meno. Diski ikatoka safi. Baridi. Chembe moja ya majivu ilikuwa pembeni ya tundu, akaipuliza, akaipuliza tena, akaipuliza mpaka nikamwambia utailowesha.

Akachomeka. Taa ikawaka.

Nilipiga ukelele ambao majirani walidhani kuna msiba. Grasiana akapiga kigelegele bila kujua anashangilia nini. Simu ya Hajira ikaanza kulia, ni fundi wa mtambo sasa, jua linashuka na kamati ya maji imechoka kusimama. Hajira akaiacha ilie.

"Pokea! Soma ukurasa!" nikamwambia.

"Kwanza nakala, mjomba."

"Nakala gani? Watu wanasubiri!"

"Hii ndiyo imebaki duniani. Siifungui mpaka iwe mbili."

Basi tukakaa. Kijimstari kwenye kioo kinajaa taratibu kama maji ya Handeni kwenye ndoo. Simu inalia, inakata, inalia. Hajira amekunja vidole. Mimi nilitoka nje, nikarudi, nikatoka. Grasiana anaokota kunde moja moja. Kijimstari kikajaa, na hapo tu ndipo alipofungua kurasa, akatafuta kijiji, na mwandiko wa Mzee Sadru ukatokea, umelala upande kama mtu anayetembea kwenye upepo. Alisoma kwa sauti, simu iko sikioni: "Upande wa jua kuchomoza, chumvi. Msirudi. Kushuka bondeni kwenye mkuyu, maji matamu yalionekana, bomba likakatika, tukaacha."

"Mkuyu upo?" akauliza.

Tukasikia fundi akiwauliza watu, na watu wakijibu wote kwa pamoja kwamba upo, mkuyu uende wapi.

Kisha akampigia Zahid. Nilitegemea atajisifu, mimi ningejisifu. Hakujisifu. Alisema, "Bosi, za zamani zimerudi zote. Za tangu kabla ya Ramadhani hazipo. Visima viwili tulivyochimba karibuni, kimoja mafundi wana picha kwenye simu zao. Kingine kimepotea. Nilisema hakuna kitakachopotea, na kimepotea kimoja."

Simu ilikuwa kwenye spika, nikamsikia Zahid akisema, "Hicho kimoja mimi ndiye niliyekupotezea. Chagua siku yako ya kujaribu."

Maji yalitoka pale kwenye mkuyu. Si asali, nisiwadanganye, lakini ukiyapikia chai hukunji uso. Na siku ya kujaribu ikafanyika, ikafanyika tena, na sasa ni desturi ya ofisi yao: wanachukua nakala, wanaifungua kwenye mashine nyingine, wanamwita Mzee Sadru achague kijiji chochote wakitafute. Mzee huwa anachagua kile kile cha nyuma ya Kabuku. Dada yangu alipoelezwa, alisema hiyo mbona ni kawaida, mbegu kabla ya kupanda unafunga punje chache kwenye kitambaa kibichi uone kama zinaota, walidhani vipi. Hajasamehewa kichanja, na yeye hajakubali kwamba alikosea.

Diski moja imerudi kwa Grasiana, chini ya kitanda, ila nje ya majivu. Na nyingine, mpya, badala ya ile iliyoungua, baada ya kuona mikono yote iliyopo Handeni, Hajira aliniletea mimi. Sikuomba. Alinionyesha: si kibandani kwenye sumaku, si karibu na jiko, si chini palipo na mchwa. Iko chumbani kwangu, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Kopo lenyewe nimelifunga kwa mpira.

Kazi rahisi, nikamwambia. Mtu kama mimi.

Juzi nilialikwa harusi Bungu, milimani. Baridi tamu, pilau inanukia tangu barabarani, mimi nimepangiwa meza ya mbele kwa heshima yangu. Sinia likaletwa. Nikanawa. Nikashika tonge, na hapo hapo likanijia: ule mpira wa kopo, niliurudisha nilipofungua kutazama asubuhi? Au niliuacha kitandani? Nikajiambia, Semboja, kula. Nikapiga simu kwa Hajira nimsalimie tu.

"Mjomba, ipo?" akauliza kabla sijasema hodi.

"Ipo."

"Una uhakika?"

Niliteremka Bungu na basi la kwanza, sijala. Mpira ulikuwepo. Nikaufungua nione kama diski ipo ndani, ipo, nikaufunga. Nikatoka nje, nikafunga mlango.

Nikarudi kuusukuma.